Mwanyumba Wangu Mpishi na Shamba la Bondeni

Siku ya kwanza kumwona mwanyumba wangu, alikuwa amekalia kiti changu.

Si kwamba kiti kile kilikuwa na jina langu. Kilikuwa kiti cha mbao cha mama mkwe, mguu wake mmoja nimeuunga mwenyewe kwa waya wa baiskeli. Lakini tangu nilipooa, nikifika pale nyumbani hicho ndicho nilichokalia, karibu na mlango, mahali ambapo mtu asiyejua kuzungumza anaweza kutazama nje akaonekana ana shughuli. Siku hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba nikitengeneza bawaba ya mlango wa jiko. Niliporudi sebuleni, bisibisi mkononi, nikamkuta mtu mnene, kichwa kimenyolewa kinang'aa, amejaa kwenye kiti kama unga ndani ya gunia, na mama mkwe anacheka.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mjane, mkulima tangu utoto, mtu wa kusema jambo mara moja na kuondoka. Mimi nilimtengenezea paa, nikamchimbia choo, nikambebea magunia, na kila mara alinijibu, "Ahsante, baba, Mungu akuzidishie." Hayo yalinitosha, kwa sababu sikujua kwamba kulikuwa na zaidi.

"Huyu ndiye mkwe wangu mkubwa," mama alimwambia mgeni. "Mume wa dada ya mkeo."

Yule mtu akasimama kwa heshima. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikasema.

Nilitaka kuongeza neno. Karibu, habari za safari, lolote. Lakini mimi neno la pili hunikwama kooni, na kadiri watu wanavyosubiri ndivyo linavyozidi kushuka tumboni. Yeye alinisubiri kidogo, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, hii redio yenu inashika stesheni moja tu?"

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi. Tangu siku ile mimi nikaitwa Redio. Shemeji, mkewe, aliniita Redio, majirani wakaniita Redio, hata wateja waliokuja kuziba pancha kwenye kibanda changu cha barabarani walisimamisha baiskeli na kuuliza, "Redio, leo una betri?"

Watu waliooa dada wawili huitana wanyumba. Ni undugu wa ajabu. Hamkuchaguana, hamna damu moja, lakini kila anayewaona anawapima pamoja kama madebe mawili ya mchuuzi mmoja. Yeye alikuwa amemwoa mdogo wa mke wangu. Kazi yake ilikuwa upishi katika shule ya bweni, akipikia watoto wengi kiasi kwamba alisema hajui kukoroga sufuria ndogo, mkono unapotea. Shule ilipofunga bweni, kazi ikaisha, akaja na mkewe wakapanga vyumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Mizigo yake ilikuwa godoro, sanduku la nguo, na mwiko wa kukorogea masufuria ya shule, mrefu karibu kumfika kifuani. Watu wakamwita Mpishi.

Mama mkwe alikuwa na mashamba mawili. La juu, kwenye mteremko wenye kichanga, alikuwa amenipa kipande nilime, na Mpishi alipofika akampa kipande kando ya changu. La pili lilikuwa bondeni, karibu na kijito. Hilo alililima mwenyewe. Udongo wa bondeni ulikuwa mweusi, ukiushika unabaki na alama za vidole. Kila mtu katika ukoo alijua kwamba magoti ya mama yakichoka, shamba lile litakwenda kwa mkwe mmojawapo, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Kabla ya Mpishi kuja, mkwe alikuwa mmoja. Sikuwahi kuliomba. Nilikuwa nalisubiri tu, kama mtu anavyosubiri chai iliyokwisha kumiminwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Mpishi hakujua kulima. Mvua za kwanza zilipokaribia alikuja kibandani kwangu akachuchumaa karibu na karai la maji ninalopimia pancha.

"Kaka mkubwa, nifundishe kupanda mahindi."

Nilimfundisha. Nilimwonyesha namna ya kushika jembe bila kujichubua, namna ya kutazama mawingu, namna ya kuchimba shimo na kulifukia kwa kisigino. Nikamwonyesha kupanda kama baba yangu alivyonionyesha: shimo karibu na shimo, mbegu nyingi kila shimo. Baba alikuwa akisema shamba ambalo udongo wake unaonekana ni shamba la mvivu. Akipita shambani kwa mtu akaona ardhi kati ya mahindi, alisikitika kama aliyeona mtoto hana shati.

Mpishi alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaenda kwake. Kesho yake nikamkuta shambani na ule mwiko. Anaulaza chini, anachimba shimo kwenye ncha, anaulaza tena, anachimba. Kati ya mstari na mstari ungeweza kupitisha mbuzi na mtoto wake.

"Mwanyumba," nikasema, "umeacha uwanja wa mpira."

"Kaka, sufuria ni hii hii," akasema, akiupiga udongo kwa mwiko. "Nikiwaita watu mia, kila mmoja atalamba kijiko. Nikiita wachache, watashiba na kuzaa."

"Udongo si sufuria."

"Kwani mizizi inafanya nini humo chini? Inaimba?"

Shemeji, aliyekuwa akifukia mashimo nyuma yake, aliangua kicheko. Nikarudi kwangu nikapanda kwa hasira, mbegu juu ya mbegu.

Mahindi yangu yalitangulia kupendeza. Yalifunika ardhi upesi, yakawa kama zulia, na mimi nikawa napita njia ya shamba lake kwa makusudi ili nione upara wake na wa shamba lake. Lakini yalipofika kiunoni yakaanza kukonda. Mabua yalirefuka kutafuta jua, membamba kama spoki. Majani ya chini yalipata manjano, ikianzia nchani na kushuka katikati ya jani kama ulimi. Mvua zilipopungua nikang'oa muhindi mmoja nitazame, ukanijia na wenzake watatu, mizizi imeshikana kama watu wanaogombania chombo. Ya kwake wakati huo yalikuwa ya kijani iliyokoza mpaka majani ya chini, mabua manene kama mkono wa mtoto.

Nilivuna mahindi mengi kwa idadi na machache kwa uzito. Mengine yalikuwa na mapengo kama midomo ya vikongwe. Mke wangu aliyapukuchua sebuleni kwetu, kati ya meza na kitanda cha watoto, bila kusema kitu, na kimya chake kikanikera.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini, baba watoto?"

"Unachofikiri."

"Nafikiri kwa dada mdogo kumejaa mpaka chini ya kitanda," akasema. "Ndicho nifikiricho. Umeuliza."

Nikamwambia Mpishi amebahatika. Nikamwambia mbegu zake zilikuwa bora, ingawa tulinunua duka moja siku moja. Nikamwambia kipya kinyemi ingawa kidonda. Mke wangu alikubali yote, na hilo ndilo linalokuonyesha kwamba mtu hajakubali hata moja.

Mwaka uliofuata magoti ya mama yalichoka kweli. Alituita sote wawili nyumbani kwake. Mpishi alikuwa amewahi, kiti kimekaliwa, mimi nikapewa mkeka.

"Shamba la bondeni siliwezi tena," mama alisema. "Nyinyi wote ni wanangu. Mtaligawa nusu kwa nusu, kila mmoja apande anavyojua. Baada ya hapo nitasema."

"Mama, utapima madebe?" Mpishi akauliza.

"Nitapima ninavyojua mimi."

"Fahali wawili zizi moja," Mpishi akacheka. "Tena fahali mmoja hana sauti."

Mama naye akacheka. Nilitazama nje, nikaonekana nina shughuli.

Msimu ule nililima kwa wivu, na ukweli ni kwamba wivu una nguvu kuliko uji. Nilisomba samadi kwa baiskeli kutoka kila zizi lililokubali kunipa, magunia mawili nyuma na moja kwenye fremu, naisukuma mpaka bondeni. Sikubadili upandaji. Nilijiambia kule juu nilishindwa kwa sababu ya kichanga, lakini bondeni kuna chakula cha kutosha ukoo mzima. Nikapanda karibu karibu, shimo na jirani yake wakisalimiana bila kunyanyua sauti. Upande wa pili wa kamba tuliyoweka mpakani, Mpishi alikuja na mwiko wake. Niliona kwamba bondeni aliulaza kwa mshazari, akawa anapunguza kidogo nafasi aliyoiacha kule juu. Nikaona hata yeye ameogopa.

Na safari hii nilikuwa sahihi. Udongo mweusi ulibeba wote. Mahindi yangu yalisimama kama ukuta, jani juu ya jani, huwezi kuona mtu akiwa ndani. Wapita njia walisimama. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni aliutua mzigo wake ili atazame. "Haya ya nani?" akauliza, na mimi niliyekuwa nimejificha humo ndani nikipalilia nikajibu, "Yangu!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Upande wa Mpishi ulikuwa mzuri pia, sikatai. Lakini ulikuwa mzuri wa kawaida.

Tulipovuna nilimshinda. Hata kwa macho ilionekana, rundo langu lilikuwa refu kuliko lake. Nilibeba mpaka mabua, nikauza kwa wafuga ng'ombe, nikaacha nusu yangu tupu na safi kama sakafu iliyofagiwa. Yeye aliyalaza mabua yake pale pale kati ya mistari, akayaacha yaoze. Jioni ile nyumbani kwa mama nilikaa kwenye mkeka, nikasikia neno la pili likipanda lenyewe kooni.

"Mwanyumba," nikasema, "mla mla leo, mla jana kala nini?"

Wote walinigeukia. Kisha Mpishi akapiga makofi. "Betri imeingia! Mama, betri imeingia!" Akaja akanikumbatia, ananuka moshi na vitunguu, na nilimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa amefurahi kweli.

Nilimtazama mama, nikisubiri neno lake.

"Bado," mama alisema. "Sijapanda mchicha."

Hapo ndipo nilipojua alivyokusudia kupima. Yeye, tangu ujana wake, kila baada ya mahindi alimwaga mbegu za mchicha bondeni kwa unyevu uliobaki, bila samadi, bila chochote. Alisema mahindi ni mgeni, na mgeni humjui akiwa mezani, unamjua akishaondoka, kwa hali aliyoiachia nyumba. Aliingia shambani akiegemea fimbo, akazimwaga zile mbegu kwa mkono wake, akipita kwangu na kwa Mpishi bila kubagua, kisha akaenda kulala.

Kamba ya mpakani tulikuwa tumekwisha iondoa. Haikuhitajika. Mchicha ulipoota ukachora mpaka wenyewe. Upande wa Mpishi ulitoka wa kijani, majani mapana kama viganja, unainama kwa maji. Upande wangu ulitoka mwembamba, wa manjano, shina jekundu, majani kama masikio ya panya. Ukisimama juu ya mteremko uliona shamba moja lenye rangi mbili, kama nguo iliyopigwa pasi nusu.

Sitasahau jinsi mama alivyochuchumaa pale mpakani kwa taabu, mkono mmoja upande wa Mpishi na mmoja kwangu, akichuma jani huku na jani huku.

"Baba," akaniambia mimi, kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Mahindi yako yalikuwa mengi. Lakini ndio wageni waliokula kila kitu. Hawakuacha hata ukoko."

"Naweza kuweka samadi tena, mama."

"Kila mwaka? Utasomba mpaka lini? Una umri gani?"

Mpishi alikuwa amesimama nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakufanya mzaha. Afadhali angefanya.

Shamba la bondeni likawa lake.

Kuna watu wakishindwa husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nilikubali kwa mdomo. Kwa macho sikukubali. Nilibadili njia ya kwenda kibandani ili nipite juu ya bonde, ingawa ilikuwa mbali na yenye mawe, na tairi zangu zikaisha upesi. Nilijua mahindi yake yamefika wapi kuliko yeye. Nilijua mahali kwenye kona ambapo maji yalituama na majani yakapauka, na kona ile ilinipa furaha ya siku nzima. Shemeji alikuwa akituletea mboga kutoka bondeni, kapu limejaa, na mke wangu akizipika nyumba nzima hunukia. Nilikula. Nilijaza sahani mara mbili, kwa sababu ukiona wivu si lazima ulale njaa, lakini kila tonge lilikuwa na jina lake.

Nikaamua nimshinde kwa njia yake. Kwenye kipande changu cha juu nikaacha baba yangu na maneno yake. Kama Mpishi anapima mwiko mmoja, mimi nitapima miwili. Nilipanda mbali mbali mpaka jirani akaniuliza kama mbegu ziliniishia. Kila muhindi ulikuwa mnene kama nguzo, baadhi ilibeba mahindi mawili makubwa. Lakini katikati, mahali palipobaki wazi, magugu yaliingia kama wageni wasioalikwa, na mvua kubwa ilipopiga, maji yalipita kwenye ardhi tupu yakachukua udongo wa juu wote mpaka barabarani. Palizi ilinivunja mgongo. Mpishi alipita siku moja, akasimama, mikono nyuma.

"Redio. Sasa umepika sufuria ya harusi ukaalika watu wawili."

"Wewe si ndiye uliyesema waalikwe wachache?"

"Wachache, ndiyo. Lakini chakula kisicholiwa hakikusubiri, mwanyumba. Nzi watakila, mbwa atakila, kitachacha. Huoni gugu lako lilivyonenepa?" Akainama akaling'oa moja, refu mpaka kiunoni, akanikabidhi kama zawadi. "Kule shule nilijua idadi yao kwa kutazama sufuria. Hapa unatazama udongo. Kichanga chako, weka kati ya ulivyofanya kwanza na ulivyofanya sasa. Mimi mwenyewe bondeni nabana kuliko huku, hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimefikiri ni woga.

"Sijakuomba ushauri," nikasema.

"Najua. Ungeniomba ingekuwa habari ya kutangazwa."

Miaka ilipita hivyo. Kisha Mpishi akaanza kuvimba miguu. Mwanzo alisema ni viatu. Baadaye uso nao ukajaa asubuhi na kupungua jioni, pumzi ikawa fupi, akalazwa, akarudishwa nyumbani na mfuko wa dawa na amri ya kupumzika. Alikuwa amekwisha panda bondeni, yeye akielekeza na shemeji akichimba, mbegu tatu kila shimo ili ndege na mchwa wapate chao. Mvua ilikuwa nzuri, zote zikaota.

Anayelima anajua maana yake. Miche ikishatoa majani machache ni lazima uipunguze, uache mmoja au miwili kwa kila shimo. Ukichelewa kidogo tu, mizizi inashikana, kila mmoja umeshakunywa sehemu ya mwenzake, na hata ukiung'oa baadaye umeshaharibu. Nilipita juu ya bonde kila siku nikaitazama miche ile mitatu mitatu, inakua, haijaguswa. Hakuna aliyejua kama mimi kwamba siku zilikuwa zinakwisha. Mama mkwe alikuwa hatoki tena ndani. Nilijua pia kwamba msimu huu ukiharibika, na mgonjwa akiwa hawezi jembe, shamba litaamuliwa upya.

Shemeji alikuja kibandani kuniita. Mpishi alikuwa kibarazani, amelazwa kwenye godoro, mito miwili mgongoni. Alikuwa amekonda mabega na kuvimba tumbo. Kichwa hakikuwa kimenyolewa, mvi zilikuwa zimeota kote.

"Mwanyumba, kaniondolee miche," akasema.

"Shemeji je?"

"Huyu? Nilimtuma juzi. Alikaa huko mchana kutwa akarudi kang'oa mmoja. Anaona huruma. Anasema yote ni mizima, atamuua nani amwache nani." Akavuta pumzi. "Nahitaji mtu mwenye roho mbaya. Nikafikiri, katika ukoo wetu tunaye nani?"

Shemeji alimkemea. Mpishi alikuwa ananitazama machoni, na nilijua kwamba muda wote ule, kila nilipopita juu ya bonde, alikuwa akiniona.

Nilikwenda. Watu wakisikia habari hii husema nilimhurumia. Nilimhurumia, ndiyo, lakini siyo huruma iliyonipeleka. Nilikwenda kwa sababu niliona jambo moja waziwazi nikiwa njiani, baiskeli mkononi. Mpishi akishindwa kwa ugonjwa, hatakuwa ameshindwa na mimi. Watu watasema maskini, angekuwa mzima mngeona. Na mimi nitalima bonde lile maisha yangu yote nikishindana na mahindi ambayo hayakuota. Nilitaka shamba lake listawi kwa kiasi chake chote, ili siku moja nilishinde.

Niliinama mwanzo wa mstari nikaanza. Udongo ulikuwa na unyevu wa kupendeza, miche inatoka bila kelele. Mkono mmoja unabana chini ya mche unaobaki, mwingine unavuta mwenzake, usije ukatikisa mizizi ya wote. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuondoa muhindi mzima usio na kosa lolote. Baba yangu angenilaani. Mwanzoni niliacha mkubwa kila shimo. Kisha nikagundua kwamba mkubwa si mara zote aliye mahali pake, mwingine ameegemea jirani, na yule wa wastani aliyesimama wima ndiye atakayepata nafasi pande zote. Kwenye kona ile ya maji, iliyokuwa ikinifurahisha, niliacha mmoja mmoja. Kule chini kwenye udongo mzito niliacha miwili. Mwiko haukuwepo. Nilikuwa natazama tu udongo, na mikono ikajua. Mpaka jua linaelekea kuzama mistari yote ilikuwa imepumua, na nyuma yangu miche iliyong'olewa imelala ikinyauka.

Mahindi yale yalikuwa bora kuliko yote yaliyowahi kuota bondeni. Hilo si mimi ninayelisema, ni watu wote waliokuja msibani, maana Mpishi alifariki kabla hayajatoa ndevu, na njia ya makaburini inapita kando ya bonde. Waombolezaji walisimama kama yule mwanamke wa kuni alivyosimama zamani. "Ona mahindi ya marehemu," walisema. "Mkono wake ule." Mke wangu alinitazama akataka kuwaambia, nikamkanyaga mguu. Mama mkwe alinikabidhi shamba yeye mwenyewe, akiwa kitandani, akaniambia, "Lilinde, ni la mwenzako." Mpaka leo nalilima, mchicha wangu ni wa kijani kila mwaka pande zote, na mtu akiniuliza nakwenda wapi nikajibu bondeni, husema, "Ahaa, kwa Mpishi."

Ile jioni nilipotoka kupunguza miche nilipitia kwake, mikono ina matope mpaka kwenye viwiko. Shemeji aliniletea maji ya kunawa. Mpishi alikuwa amefumba macho, nikafikiri amelala, nikageuka niondoke.

"Umeacha mingapi?" akauliza bila kufumbua.

"Inategemea. Mmoja. Chini kule miwili."

"Kwenye kona?"

"Mmoja."

Kifua chake kikapanda na kushuka.

"Nani aliyekufundisha?"

"Hakuna."

Alicheka, kikohozi kikamkatiza, shemeji akamwinua kidogo na kumrekebishia mto. Alipopata pumzi alinifumbulia macho.

"Basi yakistawi, ni yangu," akasema. "Yakinyauka, nitamwambia mama ni wewe."